Daktari wa Magoti

Shangazi Rukia alizikwa Alhamisi baada ya alasiri, na kufikia magharibi nilikuwa nishachoka kusikia jinsi alivyokuwa na kifua. "Bi Rukia alikuwa na kifua," akasema jirani wa mlango wa pili, akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Ukimpa siri, umeitia kaburini." "Wallahi," wakaitikia wenziwe kwenye mkeka, "hakuwa mtu wa kutoa neno." Mimi nilikuwa pembeni mwa chumba kile cha juu, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta uleule nilioutazama takriban mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na mitano, nikasaga meno. Kifua! Msiba una adabu zake, na mimi nimefunzwa, nikanyamaza. Lakini nataka iandikwe mahali kwamba walipokuwa wakimwombea shangazi yangu rehema, mimi nilikuwa nimemkasirikia, na ninapoandika haya bado nimemkasirikia, na pengine nikifa nitamfuata hukohuko nikamwulize swali langu. Ni swali moja tu. Nilimwuliza kwa mdomo mara moja na kwa macho miaka yote iliyobaki, naye amekwenda na jibu lake.

Mwaka ule nilikuja nyumbani kwake kuzaa. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwao mwanamke, na kwetu mimi, hapa Mji wa Kale, palikuwa ni kwa shangazi, dada yake baba. Kwa nini palikuwa kwake, si kisa cha leo. Mume wangu alikuwa Ghuba akifanya kazi. Uchungu ukanijia, ukakaa, ukakataa kwenda mbele, nikapelekwa hospitali nikapasuliwa nikiwa nimelazwa usingizi. Nilipoamka nilikuwa na mshono tumboni, ulimi mkavu, na shangazi ameketi miguuni pa kitanda, amenishika kidole gumba cha mguu. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Ushatanguliza mtu peponi." Basi. Ndivyo nilivyopashwa habari. Alikuwa mwanamume, alikuwa ametimia, na mimi nikiwa bado nimelala alikuwa ashaoshwa, ashakafiniwa, ashazikwa, maana kwetu maiti hangojeshwi na mwanamke haendi makaburini. Shangazi ndiye aliyemwosha kwa mikono yake. Shemeji yangu, nduguye mume wangu, alipokabidhiwa mtoto mlangoni, alikabidhiwa kitu kilichokwisha kufungwa. Kwa hiyo, ukiwatoa wauguzi wa zamu ile ambao hata majina yao sikuyajua, dunia nzima mtu aliyemtazama mwanangu usoni alikuwa mmoja. Jina nililompa silitaji hapa. Ni langu.

Wakanirudisha nyumbani, wakanitia chumba cha juu, na hapa ndipo hasira zangu zinapoanza hasa. Wanawake wale hawakujua wafanye nini na mzazi asiye na mtoto, wakaamua kufanya kila kitu vilevile. Nikakandwa kwa maji ya moto. Nikafukizwa. Asubuhi nikaletewa uji wa pilipili manga unaowasha mpaka masikioni, mchana supu ya mbuzi, jioni mkate wa mofa na mchuzi, ati nile maziwa yaje. Na maziwa yakaja, ewe Mola, yakaja wala hayakuuliza, yakarovya leso na magodoro, hata akaitwa mama mmoja akanifunga kifua kwa kitambaa kama afungaye mzigo wa kupakia melini. Chumba kilikuwa na kitanda cha samadari, kabati ya kioo, dirisha la kutazama kichochoroni, na darini palikuwa na ndoana mpya iliyogongomewa kwa ajili ya susu ya kumbembelezea mtoto. Ile ndoana hakuna aliyeikumbuka kuitoa. Nilalapo chali, ndiyo niliyokuwa nikiiona.

Nikilia, huambiwa, "Usilie, Zuhura, machozi ya mama humchoma mtoto kaburini." Nisipolia, huwasikia chini ya ngazi, maana nyumba zile mbao za juu hazifichi kitu: "Halii. Yuwatazama ukuta tu. Mtoto wa watu keshaingiliwa na shetani." "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema mmoja, "lazima aseme kilichomo moyoni." "Akisema tutamsikia," akajibu shangazi, "lakini hilo la mtoto lisitajwe mbele yake. Nishaapa." Lahaula! Niseme kilichomo moyoni, lakini hilo lisitajwe. Sasa niseme nini, bei ya nyanya? Nikawa nalala mchana na kukesha, nikipewa chakula nakisukumia upande wa pili wa sahani, na mume wangu akipiga simu huniambia kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema kwamba Mungu atatupa mwingine. Nikamwambia Mungu akupe wewe simu nyingine, hii usiipige tena. Shangazi aliposikia hilo, akaona mambo yamefika.

Akaanza kunitibu, na lazima nieleze anavyotibiwa mtu kwetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mgonjwa kwetu haendi, hupelekwa. Anayempeleka ndiye anayezungumza na fundi, ndiye anayeeleza ugonjwa, ndiye anayetoa mkono wa shukrani, na ndiye anayepewa jibu. Mgonjwa hukaa kitako akatazama mkeka. Na bei haitajwi. Ukiuliza, fundi huinamisha kichwa akasema, "Utakachojaliwa," nawe unakitia chini ya mto wake kama usiyejua mkono wako umefanya nini. Basi nikanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nikazunguliwa kuondolewa husuda na mashetani. Nikasomewa na sharifu mmoja mwenye sauti nzuri, na yeye kwa kweli alinifaa kidogo, maana aliposoma nililala. Kila mara shangazi alitoka nje na fundi wakanong'ona mlangoni, akarudi na jibu ambalo mimi sikuambiwa. Ugonjwa ulikuwa wangu, lakini habari zake zilikuwa za shangazi.

Daktari aliyekuwa akiutazama mshono wangu ndiye aliyesema yuko mama mmoja Tononoka, kazi yake ni kukaa na watu waliofikwa na mazito wakazungumza. "Kuzungumza tu?" akauliza shangazi. "Na hulipwa?" Jioni ile kule chini palichekwa mpaka kahawa ikapoa. "Hebu nami niende Tononoka nikalipwe," akasema mmoja, "maneno ninayo." Lakini haki yake nampa shangazi: walipokwisha kucheka akasema, "Atakwenda. Nitalipa mimi." Hakuwa mchoyo, shangazi yangu. Lau angekuwa mchoyo, ningemchukia kwa raha zangu.

Tukaenda watu wanne: mimi, shangazi na jirani wawili wa kunisindikiza. Chumba kilikuwa orofa ya tatu, juu ya duka la sare za shule, na ngazi zilikuwa za mwinuko wa kukata pumzi. Shangazi alisimama kila kipindo cha ngazi akiyashika magoti yake na kumlaani aliyejenga. Aliyetufungulia alikuwa mama wa Kigiriama, umri wake kama arubaini, sketi ndefu, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Jina lake Bi Kadzo. Ukutani msalaba mdogo. Shangazi akaniminya mkono. "Si mtu wa kwetu huyu," akanong'ona, "atajua nini mambo yetu?" Mlikuwa na viti viwili vinavyotazamana na benchi dirishani. Jirani zetu wakakaa kwenye benchi. Shangazi akakaa kwenye kiti cha kumtazama Bi Kadzo. Mimi nikabaki nimesimama.

"Karibuni," akasema Bi Kadzo. "Zuhura ni nani?"

"Huyu," akajibu shangazi.

"Habari yako, Zuhura?"

"Si njema," akajibu shangazi.

"Usiku unalala?"

"Halali. Na nisipomsimamia, hali."

Bi Kadzo akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Na wewe, mama? Unalala?"

Shangazi akageukia dirisha, akajifunga upya mtandio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikwepa swali, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nikaona raha. Kisha Bi Kadzo akataja bei. Hivyohivyo, mchana kweupe, mbele ya majirani, kabla hajasikia hata neno moja la ugonjwa! Akasema kikao ni kiasi hiki, hulipwa kikimalizika, na siku utakayokosa kuja bila kutoa habari jana yake utailipa. Jirani mmoja akasema "Astaghafirullah" kwa sauti. Bi Kadzo wala hakustuka. Akawaomba wangoje dukani chini, abaki na mimi peke yangu. "Mimi ndiye nilolipa," akasema shangazi akisimama, na kimo chake kilikuwa kirefu akiwa na hasira. "Bado hujalipa, mama yangu," akajibu Bi Kadzo kwa upole. "Na ukilipa, utakuwa umelipia kiti hicho akikalie yeye. Maneno yake hayamo kwenye bei."

Sasa wewe uliyefikwa na jambo, na umeambiwa uende ukakae na mtu kama Bi Kadzo, nisikize, maana mimi hapakuwa na wa kunambia. Usidhani utapewa dawa. Usidhani utaambiwa la kufanya. Mimi nilimwuliza nifanyeje, akaniuliza mimi naonaje, na wallahi nusura nimtupie kile kijikopo cha kalamu. Bei iulize wewe mwenyewe kabla ya yote, tena bila kuona haya, na ikikushinda sema imekushinda, wako wanaopunguza wakiambiwa, ila asiyeambiwa hajui. Uliza amesomea wapi kazi yake. Ukimwona hakufai baada ya mara kadhaa, mwambie, tafuta mwingine. Si mumeo huyo. Jua pia kwamba utatoka mule umechoka kama uliyefua mashuka ya hoteli nzima, na kwamba wiki za mwanzo utazidi kuwa mbaya, watu wa nyumbani watasema "tulikwambia." Na saa ikitimia, imetimia. Unaweza kuwa ndiyo kwanza umelifikia neno lenyewe, naye atakwambia kwa sauti ileile ya upole, "Tutaendelea Jumanne." Nilimchukia kwa hilo. Miaka yote hii imepita na bado naona lina ukatili wake, hata kama sasa najua kwamba mlango unaofungwa kwa wakati ndio uliomwezesha kuufungua kesho yake kwa mtu mwingine.

Nyumbani nako palikuwa na kikao cha pili. Kila nikirudi, sinia ishaandaliwa, mbaazi za nazi na mahamri, au wali na mchuzi wa papa, na shangazi ananingojea kama aliyetuma mtu sokoni. "Haya. Mumezungumza nini?" "Mazungumzo tu, shangazi." "Mazungumzo yepi? Amesema una nini?" "Hajasema." "Mimi natoa pesa yangu kila wiki, na yeye hajasema una nini?" Nikinyamaza, hunipakulia. Shangazi yangu kila jambo lililomshinda alilijibu kwa kijiko: ukimwudhi alikupakulia, ukimtia uchungu alikupakulia zaidi. Kisha siku moja akapotea asubuhi na kibakuli cha halua ya moto, akarudi adhuhuri bila halua na uso umemfura, na mimi juu ya ngazi nikamsikia akiwasimulia wenziwe. Alikuwa amekwenda Tononoka peke yake. "Nikamwambia, mwanangu, nambie, huyu mtoto yuwasema nini juu yangu? Akanijibu hawezi. Nikamwambia basi taja bei mara mbili. Akasema hayauzwi. Mimi! Nilomwosha huyu toka mdogo, nikaambiwa na mtu baki kuwa maneno ya mtoto wangu hayauzwi!" Wenziwe wakapiga mafunda ya kahawa. Akapandisha sauti, akijua niko pale: "Basi pesa yangu hailipi tena mlango wa kufungiwa nje."

Sikiliza swali alilokwenda kuuliza: nasema nini juu yake. Halikuwa swali la nina nini. Nikashuka, nikasimama mbele ya wale wanawake nikiwa na leso ya kulalia, nikasema nitalipa mwenyewe. "Kwa kipi?" akauliza shangazi. Swali la haki. Kabla ya kuolewa nilikuwa karani katika afisi ya wakala wa forodha kule Kilindini, nikipiga chapa hati za mizigo, na nilikuwa nimeacha kwa sababu mume hakupenda. Wiki ile nikarudi kuomba kazi, mshono ukinivuta nikikaa na ukinivuta nikisimama. Wakanichukua. Na nikamwambia Bi Kadzo, macho yangu yakitazama zulia, kwamba bei yake imenishinda. Sijawahi kutamka neno gumu kuliko hilo, na yeye akaandika tarakimu ndogo zaidi kana kwamba nimemwambia nje kuna jua. Nilipolipa mara ya kwanza kwa mshahara wangu nilihisi jambo ambalo sikulitarajia. Kile kiti kilikuwa changu, na ningeweza kukikalia nikiwa nimekasirika.

Na nilikasirika, jamani! Palitokea mauti upande wa mume wangu, asubuhi ya Jumanne, ghafla. Nikakimbilia msibani kama mtu mwingine yeyote, wala sikukumbuka Tononoka. Wiki ya pili Bi Kadzo akanikumbusha kwamba siku ile nailipia. Nilimwangalia nikidhani nimesikia vibaya. Maiti! Kwetu mauti hayaombi ruhusa, biashara hufungwa, harusi huahirishwa, mtu na adui yake hukutana kwenye maziko! Nikamwambia yeye ni mtu gani, hana kwao, hana wafu, ana moyo wa jiwe la kiyama. Nikasema hakuna aliyenihurumia mimi katika nyumba nzima, kila mtu ananikanda na kunilisha na kunifukiza kama nyama inayokaushwa, na hakuna, hakuna hata mmoja, aliyeniuliza habari za mwanangu! Nilikuwa nimesimama. Watu wa duka la sare nadhani walinisikia. Bi Kadzo akangoja nimalize, kisha akasema, "Nihadithie habari zake, basi." Nikafumbua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina cha kuhadithia. Sikujua alikuwa na nywele au hana. Sikujua mweupe au mweusi, pua ya nani, midomo ya nani. Nimembeba miezi yote ile nami simjui hata kwa sura. Nikalia kilio ambacho shangazi angekikataza, na pesa ya siku ile ya msiba nikailipa. Sikumsamehe kwa hiyo pesa, lakini nililipa.

Toka siku hiyo swali nilikuwa nalo, na Jumanne zote zilizobaki zilikuwa za kujifunza kulitamka. Utacheka. Mtu mzima, mke wa mtu, ninakwenda kulipa nifundishwe kumwuliza shangazi yangu maneno mawili matatu! Lakini jaribu wewe. Jaribu kumwuliza mtu aliyekulea jambo aliloapa lisitajwe, katika nyumba ambayo mkubwa akinyamaza na wewe umenyamazishwa. Bi Kadzo alinambia jambo moja ambalo halikunifurahisha, kwamba naweza kuuliza vizuri kabisa na bado nisijibiwe. Nikamwambia, sasa nakulipa kwa nini? Akasema, "Ili usikae maisha yako yote hujauliza."

Nililiuliza Ijumaa, baada ya sala, kwenye chakula. Nilichagua Ijumaa kwa kuwa kwa shangazi hakuna aliyethubutu kuleta ugomvi siku ile. Tulikuwa wanawake watupu kwenye mkeka, na binti yake Salma, aliyekuwa bado wa shule, amekaa karibu yangu akichambua miiba ya samaki. Shangazi akaingia na sinia ya wali wa nazi, moshi unapanda, akainama kuitua. Nikasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyemwosha mwanangu. Alifanana na nani?"

Sinia ilikaa angani. Nakumbuka mishipa ya mikono yake ilivyosimama. Nikaona macho yake yanaondoka pale, yanakwenda mahali, yanaangalia kitu kidogo kilicho mbele yake, na kwa muda ule mdogo najua, wallahi najua, alikuwa anamwona. Nikajiinamisha kwake kama mtu anayetaka kuchungulia. Kisha akaitua sinia, akaisogeza mbele yangu, akatia mchuzi juu ya upande wangu wa wali.

"Kula," akasema, "chakula kitapoa."

Nikainuka bila kunawa. Wiki ile nikapanga chumba Majengo, cha ukuta wa udongo na jirani wanaogombana, nikalala humo kama gogo. Mume wangu aliporudi alinikuta huko na alinirudia hukohuko, na hilo ni la kwake la kusifiwa. Kwa Bi Kadzo nikaenda mpaka mwaka ukaisha, tukaagana kwa kupeana mikono, sikumwona tena. Shangazi tulipatana kwa namna watu wa kwetu wanavyopatana: hakuna aliyeomba radhi, Idi ilifika, nikaenda nikambusu mkono, akanipakulia. Nikazaa tena. Huyu naye alikuwa mwanamume. Nikampeleka makusudi, nikamweka mapajani pake, nikamtazama shangazi na si mtoto, nione kama atastuka. Akacheka, akamwombea dua. Baada ya miaka miwili nikamzaa Amina. Nikafanya vilevile, kwa wizi wangu wa macho. Shangazi akaifunua leso, akamtazama mara moja, akageuza uso upande wa ukuta, akaomba maji. Nikamletea. Nikangoja. Akayanywa yote, akanirudishia bilauri, akauliza kama nimekula.

Basi sasa mnajua kwa nini nilisaga meno kwenye matanga. Jumamosi ilikuwa siku ya hitima. Chumba cha juu kilijaa, Amina wangu, ambaye sasa ni mwanamke mzima, alikuwa akipita na birika na bakuli la kunawia, na pilau imeshaanza kupanda ngazi, ndipo Salma alipopaza sauti mlangoni: "Karibu, daktari, karibu! Zuhura, nipishie, huyu ni daktari wa magoti wa mama." Akaingia mama mzee aliyejifunga leso kichwani kwa heshima ya nyumba, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Nilimjua kabla hajainua uso.

"Daktari wa magoti?" nikamwuliza Salma.

"Ehe. Mama alikuwa yuwenda kwake kila Jumanne, Tononoka, tangu mwaka ulozaliwa Amina. Hataki kusindikizwa. Ngazi zilipomshinda, daktari akawa yuwaja mwenyewe hapa, wanafunga mlango wanakanda hayo magoti. Yalikuwa yakimwuma, miye namsikia akilia mpaka chini."

Jirani mmoja akatumia nafasi hiyo kumwuliza mgeni kama maji ya chumvi yanafaa kwa goti lililovimba. Bi Kadzo akajibu kwa upole kwamba akamwone mtu wa hospitali. Mimi nikamvuta mkono, nikamkalisha pembeni yangu, kwenye ukuta wangu, chini ya ile ndoana ambayo mpaka leo haijatolewa. Miaka yote hiyo! Kumbe shangazi alisema. Kifua chao kile, alisema! Alipanda zile ngazi kwa magoti yale akaketi kwenye kiti changu, akalipa kwa pesa yake, akamhadithia mtu baki, na mimi mwenye mtoto akanipakulia wali!

"Alikwambia," nikasema.

"Pole kwa msiba, Zuhura."

"Nakuuliza, Bi Kadzo. Alikwambia alifanana na nani?"

"Mimi siwezi hata kusema kama nilikuwa namjua."

"Mwenyewe amekufa! Yuko chini, hana tena la kuona haya!" Nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana. "Taja bei. Mara mbili, mara tatu, nitalipa." Na nilipoisikia sauti yangu ikitoka, nikaijua ni ya nani. Ilikosa kibakuli cha halua tu.

Bi Kadzo aliitambua pia, nikaona. Hakutabasamu. "Hayamo kwenye bei," akasema taratibu. "Aje mtu mlangoni kwangu kesho akitaka ya kwako, ungependa nimpe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kumwambia ampe mtu yeyote, ayatangaze msikitini, ilimradi mimi nipewe langu moja. Machozi ya hasira yakanitoka, wala hapana aliyeshangaa, maana palikuwa msibani. Ndipo Amina alipofika mbele yetu, akapiga magoti na birika lake. "Mikono, bibi," akamwambia mgeni. Bi Kadzo akanyoosha mikono ikamiminiwa maji, akainua macho, na akamtazama mwanangu usoni. Alimtazama pua, akamtazama midomo, akamtazama kipaji, kama mtu aliyeelezwa nyumba kwa maneno miaka mingi na leo amefikishwa mlangoni. Maji yalikwisha kwenye birika na yeye bado amenyoosha mikono. Kisha akagutuka, akaniona ninamwona, akateremsha macho haraka. Mtu wa amana, hakusema hata kitu.

Pilau ikatuliwa. Watu wakasema bismillahi. Bi Kadzo alikuwa ameinama, hagusi, miwani yake imeingia ukungu, na mimi nilikuwa bado na hasira naye, na shangazi, na wote wenye kifua, hasira za kutosha nyumba ile juu na chini. Nikachukua kipande cha nyama kilichokuwa upande wangu, nikakiweka upande wake wa sinia.

"Kula," nikamwambia, "chakula kitapoa."